Ugomvi wa Kunong'ona

Asubuhi ile Kihere aliwapoteza nguchiro wake tena na tena, na kila mara kosa lilikuwa lake. Kipokezi kilichoning'inia kiunoni kililia vizuri, tik, tik, tik, kikimwambia kwamba jike aliyevishwa kola ya redio yuko palepale mbele, nyuma ya vichaka. Lakini miguu ilikuwa porini na akili ilikuwa nyumbani kwa wazazi wake, sebuleni, kwenye viti vilivyokaliwa jana na wageni waliovaa vizuri, wakangoja mpaka wakachoka.

Simu aliizima tangu jana mchana. Aliitia chini kabisa ya begi, chini ya koti la mvua, utadhani ingeweza kujiwasha yenyewe ikaanza kumtukana.

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho cha chuo. Nyumbani waliona mtoto hatulii, akikalishwa huku anaibukia kule, wakamwita Kiherehere. Likafupishwa, likawa Kihere, likamfuata mpaka chuo kikuu alikosomea elimu ya wanyama, na sasa mpaka kambi hii ya utafiti alikokuwa akimalizia shahada ya pili. Utafiti wake ulikuwa juu ya nguchiro, wale wanyama wadogo wenye milia mgongoni, wanaotembea kundi zima kama watu wanaokwenda shughulini. Majike wa kundi moja huzaa karibu siku moja, na watoto hulelewa na kila mtu, asiye na wake anabeba wa mwenzake. Kihere aliweza kulizungumza jambo hilo mpaka chai ikapoa. Pale kambini walimwita Mama Nguchiro. Mama yake mzazi alipolisikia jina hilo alisema tu, "Mimi nilidhani nitaitwa bibi wa watu."

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Wazazi wa Nesi, mchumba wake, walikwenda kwao Kihere kuzungumza habari ya ndoa. Kila mtu alikuwepo, isipokuwa bibi harusi mtarajiwa.

"Mama Nguchiro!"

Alikuwa dereva wa kambi, mtu mnene, mcheshi, aliyekuja akipangua majani kwa mikono yote miwili.

"Usipige kelele," Kihere alisema. "Watakimbia."

"Basi nitasema polepole. Una mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mgeni aliyenyoosha shati mpaka linakata. Nimemkalisha kwenye benchi la jikoni. Nimempa chai, hajaigusa. Sasa mtu asiyekunywa chai ya mpishi wetu, ama ana akili sana, ama ana majonzi."

Kihere aliteremsha antena, akaanza kurudi kambini. Hakuuliza zaidi. Alikuwa anamjua mtu mmoja tu anayenyoosha shati namna hiyo.

Walijuana wodi ya watoto, siku Kihere alipompeleka mtoto wa dada yake aliyejitia punje ya hindi puani. Mtoto alipiga mayowe, dada mtu alilia, na Kihere mwenyewe alikuwa anazunguka chumba kizima hajui ashike nini. Akaja muuguzi mmoja wa kiume, mtaratibu, akachuchumaa, akamwambia mtoto, "Hebu nionyeshe unavyopuliza mshumaa kwa pua." Punje ikaruka ikamgonga yeye mwenyewe kwenye paji la uso. Watoto wote wa wodi ile walimwita Nesi, wakubwa wakaiga, na Kihere naye akaiga. Hata alipoanza kumpenda hakuona sababu ya kubadilisha.

Sasa Nesi alikaa kwenye benchi, magoti yamebanana, juu yake ameshika bakuli lenye mfuniko lililofungwa kwa kitambaa. Macho yalikuwa mekundu. Alipomwona Kihere hakusimama.

"Hujambo," alisema.

"Sijambo. Umefika saa ngapi? Umekuja na basi? Kwa nini hukuniambia?"

"Simu yako imezimwa." Akamnyooshea bakuli. "Hiki chakula cha jana. Mama yako kanipa. Anasema ule, usije ukafa njaa kabla hajakuua yeye."

Kihere alikaribia kucheka. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Lilikuwa zito.

"Wamekasirika sana?"

"Baba yako hakusema kitu. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mama yangu alisema vya kutosha kwa niaba ya wote."

"Alisema nini?"

"Mbona unataka kusikia? Alisema mwanamke anayekaa porini na panya atamleta panya ndani."

"Nguchiro si panya."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia pia ulichoniandikia kabla ya kuzima simu, kwamba gari la kambi limeharibika, umekwama, unalia huko uliko. Baba yangu alipotaka kuondoka nikamshika mkono. Nikasema, mzee, ngoja kidogo, namjua, atakuja hata kwa miguu." Nesi alimtazama usoni, akingoja. "Gari limetengenezwa?"

"Ndiyo," Kihere alisema, akiangalia kitambaa cha bakuli. "Leo asubuhi."

Naye dereva, ambaye Mungu alimnyima kipaji cha kunyamaza, alikuwa anapita na kikombe chake kuelekea jikoni.

"Gari gani?" aliuliza. "Gari langu? Gari langu halijaharibika tangu mwaka jana! Bwana Nesi, jana nilikwenda mjini viti vitupu. Nilimwambia huyu, panda twende. Kasema nenda tu, mimi nina kazi. Nikapiga honi pale getini, nikasema labda anabadilisha nguo..."

Alisita. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akakitazama kikombe chake, akageuka akaenda zake bila chai.

Ndani ya jikoni mpishi alikuwa anakwangua sufuria. Kihere alitamani aendelee kukwangua mpaka jioni, ili isimlazimu mtu yeyote kusema neno.

"Haya," Nesi alisema mwishowe. Akasimama, akapangusa suruali. "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Hiyo kazi. Nimepanda basi tangu giza. Nataka nikione hicho kilichonishinda."

* * *

Walitembea mmoja nyuma ya mwingine. Kihere alitangulia na antena, akiielekeza huku na huku, na Nesi alifuata na viatu vyake vya kung'aa, akikanyaga mahali palepale alipokanyaga yeye. Hilo lilimuuma Kihere kuliko maneno. Hata akiwa na hasira, mtu huyu alikanyaga kwa uangalifu.

Wakawakuta kwenye uwazi mdogo karibu na kichuguu cha zamani. Kundi zima lilikuwa limetawanyika, kila mmoja akifukua udongo na kunong'ona peke yake, sauti ndogo ndogo kama watu wanaotafuta kitu walichokiangusha. Kihere alitoa kimluzi chake cha kila siku. Vichwa viliinuka, vikamwona, vikarudi chini.

"Usiongee kwa sauti," alimwambia Nesi kwa kunong'ona. "Mimi wamenizoea. Wewe hawakujui. Wakishtuka, leo nzima hatuwaoni tena."

"Kwa hiyo nigombe vipi?"

"Gomba polepole."

Nesi alichuchumaa kando yake. Kwa muda alitazama tu. Jike mmoja aliyepakwa alama kiunoni kwa rangi ya nywele alipita karibu na kiatu chake, akakinusa, akaenda zake.

"Yule anaitwa Mwenyekiti," Kihere alisema. Hakuweza kujizuia. "Anapenda kuamua njia. Na yule anayejikuna ni Kisirani. Wiki hii watoto watatoka shimoni kwa mara ya kwanza, ndiyo maana..."

"Walitoka jana?"

"Nini?"

"Watoto. Ulibaki kwa sababu wanatoka. Walitoka jana?"

"Hapana."

"Ulijua kwamba hawatatoka jana?"

"Nilijua."

"Basi uliniacha pale," Nesi alinong'ona, na kwa jinsi alivyokuwa akijibana, mishipa ilimsimama shingoni. "Nimevaa tai, Kihere. Mimi! Mama yako ananiongezea chai ili mikono yangu ipate cha kufanya. Dada yako anachungulia dirishani kila gari likipita. Na mimi naapa mbele ya wazazi wangu kwa uongo ambao hata si wangu. Kama hunitaki, mdomo unao. Sema."

"Nakutaka."

"Nani kakwambia mtu humtaka mwenzake hivi?"

"Nakutaka, Nesi. Usinikazie macho hivyo, nitalia, nao wataogopa."

"Wao, wao! Mimi je, siogopi?"

Kisirani aliinua kichwa. Kihere alimshika Nesi mkono amtulize, na mkono ule ulikuwa wa moto, na wote wawili waliuangalia kama kitu kilichoanguka kutoka juu ya mti. Hakuna aliyeuondoa.

"Kuna jambo," Kihere alisema. "Profesa anayenisimamia alikuja mwezi uliopita. Anataka niendelee. Shahada ya uzamivu, hapahapa, kundi hilihili. Miaka mitatu. Pengine zaidi."

"Ukamjibu nini?"

"Nilikubali."

"Ulikubali," Nesi alirudia. "Mwezi uliopita. Na tumeonana mara ngapi tangu hapo? Tumepanga rangi ya kadi. Umechagua wewe. Ulisema ya kijani inachosha macho."

"Nilitaka kukwambia kila siku. Kila nikifungua mdomo nasema jambo jingine. Jana nilivaa kabisa. Nimevaa gauni, nimechana nywele, nimefika mpaka mlango wa gari. Nikawaza, nikiingia hapa, baba zetu watakaa, watasema mwezi fulani, tarehe fulani, nyumba fulani karibu na hospitali, nami nitaitikia kwa kichwa kama mtoto mzuri. Na nikishaitikia, basi. Miguu ikakataa."

"Kwa hiyo tungeoana lini? Baada ya Mwenyekiti kustaafu?"

"Usinifanyie mzaha."

"Huo si mzaha, ndiyo njia pekee ninayoweza kuongea bila kupiga kelele." Alivuta pumzi. "Kwa nini hukuniambia? Ungesema miaka mitatu, ningejua ni miaka mitatu. Hukunipa hata nafasi ya kukasirika kwa wakati wake."

"Kwa sababu ungekubali! Ungesema sawa mpenzi wangu, soma, nitangoja. Na mwaka wa kwanza ungengoja vizuri. Wa pili ungeanza kunyamaza mezani. Nimeshaona hayo. Dada yangu aliongoza darasa zima la elimu ya mimea, Nesi. Alipoolewa shemeji alisema atamsomesha mpaka achoke. Kila mwaka ikawa mwaka ujao. Sasa vitabu vyake viko juu ya kabati, vimefungwa kamba. Sitaki mtu aniambie ndiyo halafu aje anidai."

"Mimi si shemeji yako!"

Alisema kwa sauti yake yote, sauti ya mtu aliyezoea kuita jamaa za wagonjwa kutoka mwisho wa korido. Kundi zima liliruka kama limemwagiwa maji ya moto. Mlio mmoja mkali, milia ikapita majanini, na uwazi ukabaki mtupu, udongo umefukuliwa kila mahali. Kipokezi kiliendelea kulia kiunoni mwa Kihere, kikififia, kikififia.

Nesi alishika kichwa. "Samahani. Wafuate. Nenda, wafuate, nitabaki hapa."

Miguu ya Kihere ilishaanza kwenda. Mwili wenyewe uliijua kazi ile, ulijua kwamba ukikimbia sasa kwa kuzunguka kichuguu utawakuta ng'ambo. Alipiga hatua, akasimama. Alimtazama mtu yule aliyechuchumaa na tai ndani ya mfuko wa shati, ncha yake imechungulia nje. Aliivua tai tangu jana, hakuwa na mahali pa kuiweka.

Akazima kipokezi.

"Basi la mchana linaondoka muda si mrefu," alisema. "Tukiharakisha tutalipata."

"Tutalipata akina nani?"

"Mimi na wewe. Nakwenda kwetu kusema."

"Kihere, na suruali hiyo?"

Alijitazama. Magoti yalikuwa na matope na shati lilikuwa na alama ya mkojo wa nguchiro begani. "Nikienda kubadilisha," alisema, "sitatoka chumbani."

* * *

Ndani ya basi hawakuongea. Nesi alilala, au alijifanya amelala, kichwa kimeegemea kioo. Kihere alifungua bakuli la mama yake akala chakula kilichopoa kwa vidole, akashangaa kwamba aliweza kula. Alifungua na kufunga zipu ya begi mpaka abiria wa mbele akageuka. Aliwasha simu. Ujumbe uliingia mmoja baada ya mwingine kama mvua kwenye bati, mwingi wa dada yake, na wa mwisho ulisema tu, "Mama hajala."

Jua lilikuwa bado lipo walipofika. Baba yake, fundi saa aliyestaafu, alikuwa sebuleni na miwani yake ya kazi, amefungua saa ya ukutani ambayo haikuwa na ubovu wowote. Mama alitokeza kutoka jikoni, akaona matope, akafungua mdomo. Dada mkubwa alikuwa nyuma yake na kitambaa cha vyombo.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," baba alisema, bila kuinua macho. "Gari limepona?"

"Halikuharibika, baba. Nilikataa kupanda."

Bisibisi ilisimama. Mama alikaa kwenye kiti cha karibu, taratibu.

Kihere alisema yote akiwa amesimama. Alisema habari ya Profesa, ya miaka mitatu, ya gauni na mlango wa gari. Alisema kwamba Nesi hakuwa anajua lolote mpaka leo, na kwamba aibu ya jana ni yake peke yake.

"Niliogopa yanipate yaliyompata dada," alimalizia.

"Aa, hapo ngoja," dada yake alisema. Alikitupa kitambaa mezani. "Mimi usinitumie. Nani kakwambia nilizuiwa?"

"Vitabu vyako..."

"Vitabu vyangu nilivifunga kamba mwenyewe. Shemeji yako hakuwahi kusema hapana. Hakuwahi kusema chochote, kwa sababu sikuwahi kumwambia nataka. Nilikuwa nangoja aone. Miaka yote hii nangoja aone!" Alicheka kidogo, kicheko kibaya, akajifuta jicho kwa kiganja. "Wewe angalau umesema. Umechelewa, umetutia aibu mtaa mzima, lakini umesema."

Mama yake alimtazama binti yule mkubwa kana kwamba naye ameingia sasa hivi na matope. Kihere alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Baba alivua miwani. Akamgeukia Nesi, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na viatu vyake vilivyochafuka.

"Na wewe, mwanangu? Umesikia. Unasemaje?"

Kihere aliangalia sakafu. Huo ndio wakati aliokuwa akiukimbia tangu mwezi uliopita, na sasa haukuwa na mahali pa kuzungukia.

"Mimi, baba, nimekasirika," Nesi alisema. "Nimekasirika kuliko ninavyoweza kueleza mbele ya wazee. Kuhusu hiyo miaka mitatu sijui. Nikisema sawa leo nitakuwa naongopa, na uongo tumeshachoka nao. Mama yangu nitamweleza mwenyewe." Aliingia ndani hatua moja. "Lakini nimekuja mpaka hapa, na sijaondoka."

Baba aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia saa ikianza kutembea. "Mama yao," alisema, "mletee huyu kijana maji ya kunawa."

Nesi hakukaa sana. Alikuwa na zamu ya asubuhi. Kihere alimsindikiza mpaka getini, na hapo wakasimama, kila mmoja kaegemea nguzo yake. Watoto wa jirani walikuwa wanaitwa kuoga. Kihere alitaka kumshika mkono kama porini, lakini pale porini mkono ulikwenda wenyewe, na sasa haukutaka kwenda.

"Utarudi lini kambini?" Nesi aliuliza.

"Kesho. Watoto watatoka wakati wowote."

"Mimi Jumapili sina zamu."

"Unaweza kuja?"

"Nitakuja nivae viatu vya maana." Alilisukuma geti, akatoka, akageuka. Uso wake haukuwa na tabasamu hata kidogo. "Lakini nakwambia mapema, Kihere. Hiyo Jumapili bado nitakuwa na hasira."

"Njoo nayo," alisema.